Ricoh GR III au Sony RX100 VII: pima umbali kwanza

Kamera hizi mbili zote zinaingia mfukoni, zote ziliingia sokoni mwaka 2019, na zote zina wapigapicha wazoefu wanaoziapia. Anayetaka kununua moja hukwama papo hapo. Akisoma maelezo ya kiwandani anakuta Sony RX100 VII ina karibu kila kitu: lenzi inayovuta, video ya 4K, flashi, kidirisha cha kuchungulia, hata tundu la maikrofoni. Ricoh GR III ina lenzi moja isiyovuta, haina flashi wala kidirisha, na video yake inaishia 1080p. Ukihesabu vitu, shauri limekwisha. Hata hivyo wapo wengi walioziweka mezani zote mbili wakaondoka na Ricoh, tena wakiwa na akili zao timamu.

Sababu yao ya kwanza iko kwenye kihisi, yaani lile bamba dogo nyuma ya lenzi linalopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Cha Sony kinaitwa cha inchi moja, lakini ukikipima ni milimita 13.2 kwa 8.8 tu. Jina hilo ni urithi wa mirija ya kamera za televisheni za zamani, kwa hiyo usilitegemee kama kipimo. Cha Ricoh ni cha aina ya APS-C, kiasi cha milimita 23.5 kwa 15.6, ukubwa uleule ulio kwenye kamera nyingi za kubadilisha lenzi. Zidisha tarakimu hizo utaona kwamba eneo la kihisi cha Ricoh ni zaidi ya mara tatu ya kile cha Sony. Lenzi zote mbili, kwenye upana wao wa mwisho, zinafunguka hadi f/2.8. Basi kwa muda uleule wa kupiga, Ricoh inakusanya mwanga zaidi ya mara tatu.

Tulitazame hilo kwa karibu. Ni usiku wa kuamkia harusi, bi harusi ameketi mkekani, somo anampaka hina chini ya taa moja ya dari. Tuseme ukiwa na Ricoh mwanga huo unakutaka uweke f/2.8, sehemu moja ya 60 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya 3200. Picha itatoka na chenga kidogo, lakini michoro ya hina itasomeka na ngozi itabaki na ulaini wake. Ukiweka vivyo hivyo kwenye Sony, picha itakuwa na mng'ao uleule, ila chenga zitaongezeka, na zitajaa zaidi kwenye sehemu za giza: mikunjo ya nguo, nywele, upande wa uso ulio mbali na taa. Ili upate usafi wa Ricoh itakubidi ushushe ISO hadi karibu 1000, na muda wa kupiga urefuke hadi kama sehemu moja ya 20 ya sekunde. Kwa muda huo mkono wa somo unaotembea utatoka na ukungu. Zote mbili zina kinga ya mtikisiko, Sony ndani ya lenzi na Ricoh kwenye kihisi chenyewe, lakini kinga hiyo hutuliza mkono wa mpigaji. Mkono wa anayepigwa haiuzuii.

Hapa pana jambo linalotuhusu sana sisi wenye ngozi nyeusi, na wanaochambua kamera hulipita haraka mno. Kipimo cha mwanga cha kamera kwa kawaida hutafuta wastani wa kijivu. Mpige babu mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, kamera itauona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso wa babu utatoka kama kivuli. Dawa ni kuongeza mwanga kwa mkono, theluthi mbili ya hatua au hatua nzima, na kamera zote mbili zinaruhusu. Ila ukizidisha, kanzu inaungua na mistari ya darizi inapotea. Kihisi kikubwa kinakupa nafasi zaidi kati ya hatari hizo mbili: unalinda kanzu wakati wa kupiga, kisha unauinua uso baadaye kwenye faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, na unainuka bila kuleta chenga nyingi. Kwa mtu anayepiga picha za familia yake, hilo peke yake ningelipa uzito kuliko flashi na kidirisha kwa pamoja.

Ricoh ina siri nyingine, nayo ni umbali uliopangwa mapema. Unaiambia kamera: fokasi yako ni mita mbili. Baada ya hapo ukibonyeza kitufe hadi mwisho kwa mara moja, haitafuti kitu, inapiga. Kwa lenzi yake ya milimita 18.3, ambayo upana wake ni sawa na wa milimita 28 kwenye kamera za filamu, ukiweka f/5.6 kila kilicho kati ya mita moja na robo hivi na mita sita kitakuwa kikali vya kutosha. Hiyo ndiyo nafasi ya maisha ya mtaani: muuza kahawa na mteja wake, watoto wakicheza kombolela, wazee kwenye bao. Familia hii ya kamera ilianza na GR1 ya filamu mwaka 1996, na Daido Moriyama, mpigapicha wa Kijapani, amezunguka mitaa ya Tokyo akiwa na GR za filamu na baadaye za dijitali. Kwa kazi hiyo lenzi isiyovuta si kasoro, kwa sababu miguu ndiyo inayosogeza picha.

Lakini miguu haitembei juu ya maji. Simama ufukweni kwenye mashindano ya ngalawa, chombo unachokitaka kiko mita hamsini mbele yako. Sony inavuta kutoka milimita 24 hadi 200 kwa kipimo cha filamu, na tanga litajaa kwenye fremu. Ricoh ina pikseli milioni 24, basi huenda ukafikiri utaikata picha baadaye. Piga hesabu: ili ufikie mwonekano wa milimita 200, unabaki na chini ya nusu milioni ya pikseli, na hiyo haitoshi hata picha ndogo ya kuchapisha. Mambo ni hayohayo kwenye uwanja wa mpira, kwenye mahafali ukiwa umekaa safu ya nyuma, au ukitazama ndege kwenye mikoko. Kwa vitu vinavyokimbia Sony inazidi tena: ina pointi 357 za fokasi za kutambua awamu, inalifuata jicho la mtu au mnyama, na inapiga picha 20 kwa sekunde. Haya hayana mbadala kwenye Ricoh, na anayeyahitaji asidanganywe na sifa za kihisi. Akumbuke tu kwamba kwenye milimita 200 lenzi ya Sony inafunguka hadi f/4.5, mwanga unaopita ni chini ya nusu ya ule wa f/2.8, kwa hiyo mvuto huo ni wa mchana.

Na mchana wenyewe una shida yake. Saa saba za Mombasa, skrini ya kamera haionyeshi chochote ila uso wako. Kidirisha cha Sony kinachochomoza juu kinaokoa wakati huo, ilhali mwenye Ricoh anapiga kwa kukisia. Kuhusu video sina maneno mengi: ukiihitaji kwa dhati, chukua Sony.

Bei za kuanzia zilikuwa karibu dola 1,200 kwa Sony na dola 900 kwa Ricoh, kabla ya ushuru na faida ya muuzaji. Ongeza betri ya pili kwa yoyote utakayochukua, maana kwa kipimo rasmi Ricoh inapiga kama picha 200 kwa chaji moja na Sony 260. Ongeza pia mfuko unaofungika. Lenzi za kamera hizi huingia na kutoka kila unapowasha na kuzima, hazina kinga dhidi ya vumbi wala maji, na vumbi likishakwama kwenye kihisi, nyumbani si rahisi kulitoa.

Kwa hiyo usiulize ipi ina vitu vingi. Fungua picha ulizokwisha kupiga kwa simu, uzipitie za mwaka mzima. Zikiwa nyingi ni za watu walio hatua tatu au nne mbele yako, ndani ya nyumba, jioni, nunua Ricoh. Zikiwa nyingi ulilazimika kuvuta hadi picha ikaharibika, au ni video, nunua Sony. Kwa wasomaji wengi wanaopiga ndugu, rafiki na mtaa, nafikiri jibu litakuwa Ricoh.

Ukinunua iliyotumika, usitoe pesa kabla ya jaribio moja. Nenda na kadi yako, funga tundu la lenzi hadi namba yake ya mwisho, piga ukuta mweupe au anga tupu, kisha ikuze picha na uitazame pembe kwa pembe. Ukiona madoa meusi yanayobaki palepale kila unapopiga, hilo ni vumbi lililoingia ndani. Irudishe kwa muuzaji na utafute nyingine.