Mwili wa Mtoto Unasema

Mama, mtoto wako bado hajui kusema "maji" wala "tumbo linaniuma". Lakini hakuna siku anayokaa bila kukuambia neno. Anasema kwa macho, kwa midomo, kwa mikono, kwa pumzi, hata kwa ngozi yake. Mungu hakumwacha bubu. Inafaa tujifunze kumsikia.

Tuanze na njaa. Wamama wengi wanangoja mtoto alie ndipo watoe ziwa. Kumbe kilio ni neno lake la mwisho. Kabla ya hapo amekwisha kusema mara nyingi: anageuza kichwa akitafuta titi, anafungua kinywa, analamba midomo, anatia mkono kinywani. Mnyonyeshe wakati huo. Akishalia sana hashiki ziwa vizuri, na wewe unachoka bure. Akishiba vilevile anasema: ngumi zake zinafunguka, anaachilia titi, anageuza uso. Basi, inatosha, usimlazimishe.

Ng'ambo ya ziwa letu ni Uganda. Huko, karibu na Kampala, katika miaka ya 1954 na 1955, bibi mmoja msomi, jina lake Mary Ainsworth, alitembelea nyumba za wamama 26 wa Buganda. Alikaa nao akitazama jinsi mama na mtoto wanavyoitikiana, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya mambo hayo. Aliona kwamba wamama walioweza kumsimulia mambo mengi madogo ya watoto wao, namna anavyolala, anachopenda, anayemwogopa, watoto wao walitulia zaidi. Kutazama hivyo hakuhitaji pesa wala shule. Tena aliona kwamba mama akirudi nyumbani, mtoto wa kule alimsalimu kwa kupiga makofi. Wako anakusalimu namna gani?

Mtoto naye anasoma uso wako. Katika miaka ya 1970, huko Marekani, mtaalamu Edward Tronick aliomba wamama wawatazame watoto wao kwa dakika chache bila kucheka, bila kusema, uso ukae kimya kabisa. Watoto walicheka, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele ili mama aitike. Walipoona haitiki, waligeuza uso na kulegea. Hatuandiki hivi kumlaumu mama yeyote. Hapa kwetu wengi wamekimbia vita, wengine wamezika watu wao, na uso umekuwa kama jiwe kwa sababu moyo ni mzito. Ukiona siku zinapita na huna nguvu hata ya kumchekea mtoto, mwambie mama muuguzi. Huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na kuna msaada. Siku hizo bibi yake au dada yako ambebe, amwimbie, acheze naye, nawe upumzike.

Sasa neno kubwa la karatasi hii.

Mtoto anayelia kwa nguvu si yeye aliye mgonjwa kuliko wote. Mwangalie mtoto anayehara. Kwanza anahangaika, analia, macho yanaanza kuingia ndani. Ukimletea kikombe anakirukia, hataki kukiachilia. Anasema: "Ninakauka, nipe maji." Mpe maji ya chumvi na sukari yanayotolewa hospitali, kidogo kidogo, mara nyingi, wala usikate ziwa. Lakini kama hakuyapata, au kuhara kumezidi, atanyamaza. Analala usingizi mzito, kumwamsha ni kazi, kikombe hakitaki tena. Hapo ndipo jirani anasema: "Mutoto ametulia, anapona." Hapana, mama! Ule si utulivu, nguvu zimekwisha. Finya ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, halafu achilia. Ikirudi polepole, ukahesabu moja, mbili, na bado haijalala, maji ya mwili yamepungua sana. Sisi wa pwani ya ziwa tunaijua kolera: inaweza kumfikisha mtoto hapo kwa saa chache tu. Usingoje asubuhi, wala usingoje baba arudi kutoka kuvua. Mlete, na njiani uendelee kumpa kwa kijiko ikiwa bado anameza.

Kuna jambo lingine, nalo ni la kazi yetu. Mama anapanga samaki tangu alfajiri, mtoto yuko mgongoni. Joto lake unalisikia, lakini uso wake huuoni. Watu wanamsifu: mtoto huyu hasumbui! Mshushe mara kwa mara umtazame machoni. Akikohoa, mvue nguo wakati halii: kama chini ya mbavu panabonyea kila anapovuta pumzi, kifua chake kinaomba msaada siku hiyohiyo.

Ukifika kliniki, tuambie ulichoona. Mganga anamtazama mtoto dakika chache, wewe uko naye tangu azaliwe. Usiseme tu "anaumwa". Sema: "Tangu jana hachezi. Jana alikunywa, leo anakataa." Maneno kama hayo yanatufaa sana.

Tunajua kwamba kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni heshima, ndivyo tulivyolelewa. Muuguzi aliyetoka mbali anaweza kufikiri kwamba unaficha kitu. Muuguzi naye, akiandika tu bila kuinua macho, anafunga kinywa cha mama. Kwa hiyo tunawaomba wauguzi wakae, wasalimu, wamtazame mama, ndipo washike kalamu.

Na kile kichwa cha kuitikia! Tunaeleza dawa, mama anatingisha kichwa: "Ndiyo, munganga, nimesikia." Labda Kiswahili chetu kilienda mbio, labda yeye anasikia Kinande au Kinyarwanda zaidi, lakini anaona haya kuuliza. Kichwa kikisema ndiyo na moyo haujaelewa, anayeumia ni mtoto. Paketi moja ya dawa ya kuhara inataka lita moja nzima ya maji safi. Mama anaitikia, akifika nyumbani anachukua chupa kubwa ya bia, nayo haifiki lita. Dawa inakuwa na chumvi nyingi mno, na inaweza kumdhuru mtoto. Kwa hiyo usishangae muuguzi akikuambia: "Mama, nionyeshe." Hakudharau. Njoo na chupa ya kwako, mimina maji mbele yake, naye atatia alama mahali lita inapofika.