Kunyoosha kasha la ekseli ya nyuma

Kunyoosha kasha la ekseli ya nyuma ni kazi ya ufundi wa magari inayolirudisha katika mstari wake kasha la chuma linalobeba difu na shafti za magurudumu ya nyuma, baada ya kupindishwa na mzigo, kishindo au joto. Gharama ya kazi hii haitokani na kunyoosha peke yake. Sehemu kubwa hutokana na kufungua, kupima, kubadilisha vipuri vidogo na kufunga tena.

Muundo

Kasha hilo, ambalo mafundi huliita pia hausingi, hupatikana katika magari yenye ekseli nzima ya nyuma: pikapu nyingi, malori na mabasi. Katikati yake mna difu, na kila upande mna hafu shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu.

Zipo aina mbili kuu. Aina ya banjo ina tundu kubwa katikati, na difu hutolewa ikiwa nzima. Mifano yake ni Toyota Hilux nyingi na ekseli ya Ford ya inchi 9, iliyoanza kutumika mwaka 1957. Aina ya Salisbury ina kichwa cha chuma cha kumimina, na mabomba mawili yaliyoshindiliwa ndani yake na kuchomelewa, kama ilivyo katika Dana 60.

Sababu

Sababu ya kawaida ni kuzidisha mzigo. Springi hulisukuma kasha chini, huku magurudumu yakisukuma ncha zake juu. Bomba likizidiwa, hulegea katikati na magurudumu huinamiana kwa juu. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, sheria ya udhibiti wa uzito wa magari huruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi 4. Sheria hiyo hulinda barabara, lakini anayeifuata hulinda pia ekseli yake.

Sababu nyingine ni mashimo ya barabarani, kugonga ukingo, na ajali za ubavuni. Hata kuchomelea kunaweza kupinda kasha: chuma kilichopata moto hujikunja kinapopoa, kikalivuta bomba upande huo.

Dalili na vipimo

Dalili ni tairi kulika ukingo mmoja, sili kuvuja mara kwa mara, beringi kufa mapema, na gari kwenda mshazari. Hata hivyo, dalili hizi zinaweza kuletwa pia na rimu iliyopinda, beringi iliyochakaa au boliti ya katikati ya springi iliyokatika. Kwa hiyo ni lazima kupima kwanza.

Njia rahisi ni kupima umbali kati ya matairi mawili, mbele na nyuma yake, kwa kimo cha kitovu cha gurudumu. Kisha magurudumu huzungushwa nusu mzunguko na kupimwa tena. Tofauti ikihama pamoja na gurudumu, kosa huwa katika rimu au shafti. Ikibaki palepale, kasha ndilo la kushukiwa.

Kosa dogo lina hasara kubwa. Gurudumu lililogeuka digrii 1 tu kutoka upande wa mwendo huburutwa kando takriban mita 17 kwa kila kilomita 1.

Namna ya kunyoosha

Njia ya kwanza ni kutumia mashine ya kushindilia ya hidroliki. Bomba husukumwa kupita kidogo mstari ulionyooka, kwa kuwa chuma hurudi nyuma kidogo kinapoachiwa. Njia ya pili ni joto: eneo dogo upande wa nje wa mpindo hupashwa moto hadi kuwa jekundu, kisha likipoa hujikunja na kulivuta bomba. Kwa kazi ya uhakika, chuma kirefu kilichonyooka hupitishwa ndani ya kasha tupu ili kuonyesha kama ncha zote mbili zimo katika mstari mmoja.

Gharama

Malipo hugawanyika hivi:

- kufungua magurudumu, breki, shafti, difu na springi;
- kupima kabla na baada ya kazi;
- kunyoosha kwenyewe;
- sili, gasketi, oili ya difu na, inapobidi, beringi;
- kufunga, kutoa hewa katika breki na kupima mwelekeo wa magurudumu.

Mpindo mdogo unaweza kunyooshwa kasha likiwa bado chini ya gari, na hapo gharama ya kufungua hupungua sana. Kasha likishashushwa, malipo ya kufungua na kufunga ni yaleyale, liwe la kunyooshwa au la kubadilishwa. Hivyo ulinganifu wa haki ni kati ya malipo ya kunyoosha na bei ya kasha jingine. Kasha lililotumika nalo lapaswa kupimwa kabla ya kununuliwa, kwani huenda limetoka katika gari lililopata ajali.

Mipaka ya usalama

Kasha lenye ufa, au lililopinda kwenye kichwa cha chuma cha kumimina, halifai kunyooshwa, hubadilishwa. Lililonyooshwa likapinda tena mahali palepale huonyesha kuwa chuma kimechoka au mzigo bado unazidi. Tahadhari ni kubwa zaidi kwa magari ambayo hafu shafti ndiyo inayoshika gurudumu: shafti ikikatika karibu na ncha, gurudumu linaweza kuchomoka gari likiwa katika mwendo.