Je, Wajua? Visiwa Vilivyofufuliwa na Wenyeji Wake

Je, wajua kuna popo anayetandaza mabawa hadi mita 1.6? Msimamishe mtu pembeni yake, karibu walingane! Ndiye popo wa Pemba, kisiwa cha Tanzania, na nje ya Pemba hayupo popote duniani. Hata huku Ituri kwenye okapi, tafuta uchoke.

Na wajua alikuwa akiishia chunguni? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki maelfu machache tu, na jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Basi sikia: wanavijiji wakaunda vilabu vya kuwalinda, na miaka ya 2000 haijaisha popo wakawa karibu 20,000!

Wengi hulala wapi mchana? Kwenye miti ya makaburini, ambako tangu enzi za mababu panga halipiti. Pale Kidike, kisiwani humo, mgeni hulipa kiingilio ili awatazame tu wakining'inia. (Kwa popo! Jaribu kumwambia mwuza nyama wa sokoni.)

Wajua Kokota, kisiwa kidogo ubavuni mwa Pemba, kilikatwa miti karibu yote? Kuanzia 2008 wakazi na shirika la Community Forests Pemba wamekuwa wakiipanda upya, na maji ya mvua wakayavuna mapaani.

Wajua Wakara wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, walifungia ng'ombe ndani tangu kabla ya ukoloni? Ng'ombe aliletewa majani, samadi ikabebwa hadi shambani, na katikati ya uwele ukapandwa mmea wa marejea ili udongo nao ule. Wafugaji wa Djugu na Irumu, mnasemaje?

Sasa ruka nami hadi Australia, kisiwa cha Lord Howe, wakazi kama 400 tu. Mwaka 1918 meli ilikwama pale na panya wakashuka. Jina la meli? Makambo! Ndiyo, ndugu yangu wa Bunia, umesoma vizuri. Panya wale wakamaliza aina 5 za ndege.

Kuwaua panya hao kukazua ubishi: mwaka 2015 wakazi waliokubali walikuwa asilimia 52 tu. Mwaka 2019 tani 42 za chambo chenye sumu zikamwagwa, hadi ndani ya nyumba za watu. Ndege wasioruka wa kisiwa hicho walikamatwa kwanza wakafichwa vizimbani. Hao miaka ya 1970 hawakufika hata 40. Baada ya panya kwisha wakapita 500!

Lakini ninayempenda mimi ni mdudu-kijiti wa kisiwa hicho, mweusi, mrefu sentimita 15. Alihesabiwa marehemu tangu miaka ya 1920. Mwaka 2001 akaonekana hai kwenye mwamba uliosimama baharini, kilomita 23 kutoka kisiwani, na walipohesabiwa walikuwa 24 tu. Leo bustani ya wanyama ya Melbourne imezalisha maelfu, na panya waliowamaliza kwao hawapo tena.