Mkeka wa AFCON: hesabu ya mechi za makundi kabla hujaweka dau

Wengi wenu mnaukumbuka usiku wa tarehe 21 Januari 2024. Taifa Stars walikuwa San-Pédro, Ivory Coast, wakicheza na Zambia. Dakika ya 11 Simon Msuva akafunga. Dakika ya 44 Roderick Kabwe wa Zambia akatolewa kwa kadi nyekundu. Tanzania ina bao moja, mpinzani yuko pungufu, na ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye fainali za AFCON unanukia. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Mechi ikaisha 1-1.

Simu ya studio ilijaa meseji usiku ule. Moja tuliiweka akilini hadi leo. Ilitoka kwa kijana wa machimboni, na iliandikwa neno moja tu: "Imechanika." Asubuhi tulipompigia alituambia mkeka wake ulikuwa na mechi sita, tano zimeshatiki, imebaki ya Stars. Hela aliyoweka ilikuwa ya kulipia karasha.

Sasa AFCON nyingine imefika, safari hii Morocco, kuanzia tarehe 21 Desemba 2025. Tanzania iko Kundi C pamoja na Nigeria, Tunisia na Uganda. Tunacheza na Nigeria tarehe 23, Uganda tarehe 27 na Tunisia tarehe 30. Maswali yanayoingia studio siku hizi hayahusu kikosi. Watu wanauliza: nibetije mechi za makundi? Tumeona tuandike hesabu yenyewe, maana redioni namba zinapita haraka. Na tuseme ukweli kabisa: matangazo ya kubeti mnayasikia redioni, nasi tunaishi kwa matangazo. Hiyo haituzuii kuwaonyesha mkeka unavyofanya kazi ndani.

Mwenye karasha hulipwa kwanza

Aliyewahi kuingia duarani Rwamgasa, Mgusu au Nyarugusu ataelewa haraka. Mawe yako yanaweza kuwa na dhahabu au yasiwe nayo, lakini mwenye karasha analipwa vilevile kwa kusaga. Kampuni ya kubeti ndiyo karasha. Malipo yake yamefichwa ndani ya zile namba tunazoziita odi.

Tuchukue mfano. Timu ya kwanza kushinda imepewa 1.80, sare 3.30, timu ya pili kushinda 4.20. Sema unataka upate shilingi 10,000 matokeo yawe yoyote yale. Utaweka 5,556 kwa timu ya kwanza, 3,030 kwa sare na 2,381 kwa timu ya pili. Jumlisha: umetoa 10,967 ili upokee 10,000. Ile 967 ndiyo ya karasha. Iko kwenye kila mechi na kwenye kila kampuni, inatofautiana ukubwa tu. Ukitaka kuijua kwa mechi yoyote, chukua 10,000 ugawe kwa kila odi, halafu jumlisha majibu matatu. Kinachozidi 10,000 ni chao. Kikokotoo cha simu yako ya kitochi kinatosha.

Juu ya hapo kuna kodi ya serikali kwenye ushindi, inayokatwa kabla hela haijakufikia. Kiwango chake kimebadilishwa zaidi ya mara moja kwenye bajeti za miaka ya karibuni, hivyo kisome kwenye mkeka wenyewe, usisikilize cha kijiweni.

Kwa nini mkeka mrefu ni mtamu kwao

Hapa ndipo hela nyingi za Kahama na Geita zinapopotelea, kwa hiyo twende polepole.

Chukua mechi ambayo timu kubwa imepewa odi 1.50, na tuseme kwa haki kabisa ina nafasi 6 kati ya 10 ya kushinda. Ukiibeti peke yake mara 100 kwa shilingi 1,000, utatoa 100,000 na kurudishiwa kama 90,000. Umepoteza 10,000. Inauma kidogo, lakini si msiba.

Sasa funga mechi tano za aina hiyo kwenye mkeka mmoja. Odi inapanda hadi karibu 7.6, buku inageuka 7,600, na macho yanang'aa. Lakini ili zote tano zitiki, nafasi yako ni karibu 8 kati ya 100. Weka mikeka 100 ya namna hiyo, yaani shilingi 100,000. Minane itapita, utapokea kama 60,000. Hasara imetoka 10,000 ikawa 40,000, na timu ni zilezile, odi ni zilezile. Kilichotokea ni kwamba karasha imesaga mara tano. Kwenye mkeka wa mechi kumi, nafasi yako haifiki hata 1 kati ya 100. Ndiyo maana bonasi hutolewa kwa anayeongeza mechi. Hatujawahi kuona bonasi ya anayepunguza.

Majina makubwa, mechi ya kwanza

Watu wengi huku hujaza mkeka wa AFCON kwa majina. Misri inacheza na Msumbiji, weka Misri. Ghana na Cape Verde, weka Ghana. Tuangalie fainali zile za Ivory Coast. Katika mechi za kwanza za makundi Nigeria ilitoka 1-1 na Guinea ya Ikweta. Misri ikatoka 2-2 na Msumbiji. Ghana ikafungwa 2-1 na Cape Verde, Kameruni ikatoka sare na Guinea, Algeria ikatoka sare na Angola. Tunisia ikafungwa 1-0 na Namibia, ambayo haikuwahi kushinda mechi hata moja ya AFCON. Majina sita makubwa, hakuna lililoshinda. Aliyefunga mkeka wenye lolote kati ya hayo alilala mapema.

Na haikuishia hapo. Algeria, Ghana na Tunisia zilirudi nyumbani zikiwa na pointi mbili mbili. Wenyeji Ivory Coast walipigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwao, wakapenya kwenye tundu la sindano, kisha wakabeba kombe.

Tundu hilo ni muhimu kulielewa. Timu ni 24 kwenye makundi sita. Wawili wa juu wanapita, na washindwa bora wanne walioshika nafasi ya tatu nao wanapita. Ivory Coast na Mauritania walipita na pointi tatu tu. Maana yake timu ndogo ikipata sare inaona imepata mali, na timu kubwa ikitoka sare haioni hatari. Matokeo yake, kati ya mechi 36 za makundi za fainali zile, 15 ziliisha sare. Misri peke yake ilitoka 2-2 mara tatu mfululizo.

Hapo mjanja mmoja atasema: basi nitabeti sare mechi zote. Tumepiga hesabu hiyo pia. Kwa odi ya 3 kila mechi na buku kila mechi, angetoa 36,000 na kupokea 45,000 kabla ya kodi. Ni faida, hatukatai. Lakini angalia zilipotoka. Kundi B na Kundi F zilitoa sare nne kila moja, na Kundi A na C zikatoa moja moja. Aliyechagua Kundi A na C angepoteza nusu ya hela yake. Isitoshe, tunaihesabu leo baada ya mechi kuisha. Kampuni nazo ziliziona mechi hizohizo, na odi za sare za Morocco zinapangwa na watu wanaozijua sare 15 hizo kuliko sisi.

Mechi ya tatu ina mambo yake. Mali na Namibia zilikutana siku ya mwisho zikijua sare inazitosha wote wawili, zikatoka 0-0. Hatusemi walipanga. Tunasema hakuna aliyekuwa na sababu ya kukimbia. Jambo hili ni la zamani: mwaka 1982 kwenye Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0, matokeo yaliyozipitisha zote mbili na kuitoa Algeria, iliyokuwa imecheza siku moja kabla. Tangu hapo mechi za mwisho za kundi moja huanza saa moja. Kwa hiyo kabla ya mechi ya tatu, soma msimamo wa kundi kwanza. Anayehitaji ushindi ni nani, na nani ameshapita na atapumzisha wachezaji? Hiyo itakusaidia kutazama mpira kwa akili, hata kama hukuweka senti.

Kuhusu Stars, tunajua moyo unavyovuta. Lakini kumbukumbu ni hii: 1980, 2019 na 2023, mechi tisa za fainali, sare tatu, vipigo sita, ushindi sifuri. Mwaka 1980 mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Nigeria, tukafungwa 3-1, na safari hii tunaanza na haohao. Tutashangilia mpaka sauti zikauke. Kushangilia ni bure.

Kufukuza hela na kununua fiksi

Kuna mbinu inazunguka vibanda umiza kwamba ukiliwa, zidisha dau mara mbili, siku utakayoshinda utarudisha yote. Anza na jero kwenye odi ya 2.00. Ukiliwa mara sita mfululizo umeshatoa 500, 1,000, 2,000, 4,000, 8,000 na 16,000, jumla 31,500. Mara ya saba unatakiwa kuweka 32,000, na ukishinda faida yako yote ni jero ileile uliyoanza nayo. Kuliwa mara sita mfululizo si ajabu kwenye mwezi mmoja wa AFCON. Mtu anayefika hapo ndiye anayechukua mkopo wa simu.

Halafu wale wa mechi za fiksi kwenye WhatsApp na Telegram. Ujanja wao ni mwepisi. Anatuma utabiri kwa watu 300: mia anawaambia timu ya kwanza itashinda, mia sare, mia timu ya pili. Mechi ikiisha, mia moja wameona kweli. Hao anawagawa tena mara tatu, wanabaki 33. Tena, wanabaki 11. Watu 11 sasa wameona mtu aliyepatia mara tatu mfululizo, na hapo ndipo anawaomba elfu hamsini ya "mechi ya uhakika". Mwenye mechi ya uhakika angeiuza ya nini?

Kama utabeti, cheza kwenye kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, ili ukidhulumiwa uwe na pa kupeleka malalamiko. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, na anayemsajilia mdogo wake laini ili abeti anamtafutia matatizo na yeye mwenyewe. Mechi moja au mbili, dau ambalo likipotea chakula cha jioni hakibadiliki. Zaidi ya hapo hatuna mbinu ya kukupa.

Tumepata pia meseji ya mama mmoja wa upande wa Shinyanga vijijini. Anasema mume wake ametenga hela ya mbegu za mahindi na ya kukodi ng'ombe wa kulimia, mvua zimeshaanza, lakini hela inasubiri mechi ya Nigeria kwanza. Anauliza tumwambie nini. Mama, msomee hii habari, hasa pale penye karasha. Halafu mwambie mechi ni Jumanne tarehe 23, na jembe linaweza kuingia shambani Jumatatu.