Tulionja divai Shinjuku, na bili tuliijua kabla ya kuketi

Usiku wetu wa kwanza Tokyo, mwenzetu mmoja alilipa yen 52,000 kwa glasi nne za divai. Kwa viwango vya wiki ile, yen 100 zilikuwa kama shilingi 86, kwa hivyo piga hesabu: karibu shilingi 45,000. Hiyo haikuwa pesa ya kuchezea. Ilikuwa karo ya binti yake ya muhula uliofuata, imekaa kwenye akaunti ya benki ikingoja shule zifunguliwe, na kadi ya akaunti hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa mfukoni mwake.

Usiku wa pili tulionja divai sita, tukafundishwa na mtaalamu kwa saa moja na nusu, na kila mmoja wetu akalipa yen 5,500. Mtaa ni ule ule wa Shinjuku. Kutoka baa ya kwanza hadi ya pili ni kama dakika kumi kwa miguu.

Tuanze na ule usiku mbaya, kwa sababu ndio uliotufunza.

Sisi wengine wawili tulikuwa tumelala. Japani iko saa sita mbele ya Kenya na mwili bado ulikuwa haujui uko wapi. Yeye usingizi ukamgomea, akatoka kutembea Kabukicho, mtaa wa starehe ulio mashariki mwa stesheni ya Shinjuku. Taa za kule hukufanya usijue kama ni usiku. Jamaa mmoja mwenye suti akamsogelea akiongea Kiingereza safi: divai, glasi yen 1,000 tu, njoo uonje. Ukishawahi kuvutwa mkono na manamba stejini unaijua hiyo lugha. Kumbe kule kuita wateja barabarani namna hiyo ni marufuku, na vipaza sauti vya mtaani hutangaza mchana na usiku kwamba usimfuate mtu anayekuita kwenye baa. Alivisikia. Alidhani ni matangazo ya biashara.

Glasi kweli ilikuwa yen 1,000. Lakini bili ilipokuja ilikuwa na kiti, barafu, huduma, vinywaji vya dada aliyekuja kuketi karibu naye bila kuitwa, kisha asilimia juu ya hayo yote. Wanaume wawili walikuwa wamesimama karibu na mlango. Hawakumgusa. Akaingiza kadi kwenye mashine, akaweka PIN, akatoka.

Alipopigia benki simu ilikuwa saa nane usiku Tokyo, saa mbili usiku Nairobi, kwa hivyo angalau alipata mtu wa kuongea naye. Kadi ikafungwa. Kuhusu pesa, aliambiwa afungue malalamiko, lakini ajue kwamba muamala ulioidhinishwa kwa PIN ni mgumu kurudishwa. Asubuhi alituambia akiangalia kikombe cha chai, si sisi.

"Kaka, leo jioni utakuja na sisi," dada yetu wa uhasibu akamwambia.

"Mimi divai ya hapa nimemaliza."

"Hii utajua bei kabla hujavaa viatu."

Alikuwa ameona darasa la kuonja divai za Kijapani, baa ndogo yenye viti vinane, mtaalamu anakuongoza kutoka glasi ya kwanza hadi ya mwisho. Malipo ni kabla, mtandaoni. Hapo ndipo alitumia kadi ya mtandaoni, ile unayoifungua ndani ya akaunti yako ya pesa za simu na kuijaza mwenyewe. Aliweka pesa za watu watatu, yen 16,500, na ziada kidogo ya kufidia kiwango cha kubadilisha sarafu. Basi. Hata kama nambari za kadi hiyo zingeibwa usiku uleule, mwizi angekuta sarafu za kununulia maji. Lau mwenzetu angetoka na kadi ya aina hiyo badala ya ile iliyoshikana na akaunti ya karo, angetoa jasho, lakini si shilingi 45,000. Kwa mashine ya baa utahitaji kadi ya plastiki, ni kweli, ila hata ya plastiki unaweza kuwa nayo ya akaunti ndogo ya safari, tofauti na ile mshahara unapoingilia.

Malipo nusura yakwame. Nambari ya uthibitisho hutumwa kwa SMS kwenye laini yako ya Kenya, na yeye alikuwa ameizima akitumia laini ya wageni kwa ajili ya intaneti. Tulikaa dakika kadhaa tukishangaa kwa nini hakuna kitu kinachoingia. Ukisafiri, acha laini yako ya nyumbani ikiwa hewani na washa huduma ya kutumia mitandao ya nje kabla ya kupanda ndege, la sivyo pesa ni zako na huwezi kuzigusa.

Baa yenyewe iko ghorofa ya pili, ngazi nyembamba ya mtu mmoja mmoja. Mama mmoja wa makamo alitupokea kwa kuinama. Kwenye aproni yake alikuwa na beji ya dhahabu yenye umbo la kishada cha zabibu, ambayo kule huvaliwa na masomelia waliofaulu mtihani. Mbele ya kila kiti palikuwa na karatasi: majina ya divai sita, na chini kabisa jumla, kodi ya asilimia 10 ikiwa ndani.

Mwenzetu hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti akauliza kama kuna chochote kingine cha kulipa.

Mama hakushangaa wala kuudhika. Alichukua kisahani cha mizeituni na jibini akakiweka mbele yetu, akaeleza. Baa nyingi za Japani hukuletea kisahani kama hiki bila kuagiza, kinaitwa otoshi, na ukikiona ujue ndiyo ada ya kiti: mara nyingi yen mia tatu, mia tano, hivi. Si wizi, ni desturi, na wenyeji wanaijua. Kwake hapa kimeshaingia kwenye zile 5,500. Bakshishi hawapokei, ukiiacha mezani watakukimbiza barabarani wakurudishie. Mwenzetu akaketi.

Divai ya kwanza ilikuwa ya Koshu. Hii ni zabibu ya mkoa wa Yamanashi, magharibi mwa Tokyo, ganda lake lina wekundu hafifu lakini divai yake ni nyeupe, karibu kama maji. Tulikuwa tayari tumeinua glasi. Mama akatuzuia kwa kidole. Kwanza iangalie ukiwa umeweka karatasi nyeupe nyuma yake. Halafu inuse bila kuitikisa. Halafu izungushe, inuse tena. Tulicheka, lakini ni kweli harufu zilikuwa mbili tofauti: ya kwanza karibu hakuna kitu, ya pili ndimu na pera ambalo halijaiva. Kisha unaichukua kidogo mdomoni, unaizungusha, na unaweza kuitema kwenye kopo lililowekwa pale. Kutema si utovu wa adabu. Wataalamu hutema ili glasi ya sita waionje na akili ile ile ya glasi ya kwanza. Kila glasi ilikuwa na mafunda mawili matatu tu.

Alituambia kwamba mwaka wa 1877 vijana wawili wa Yamanashi, Takano Masanari na Tsuchiya Ryuken, walitumwa Ufaransa kujifunza kutengeneza divai. Japani ina mvua nyingi wakati zabibu zinaiva, tena ndicho kitu zabibu isichotaka, kwa hivyo mizabibu mingi kule hupandishwa juu ya vichanja, vishada vikaning'inia chini hewa ipite, na wakulima wengine huvalisha kila kishada kofia ndogo ya karatasi. Kila kishada, kwa mkono. Dada wa uhasibu aliandika hilo kwenye daftari lake akaongeza alama ya mshangao.

Akatuuliza kama Kenya kuna mizabibu. Tukamwambia ipo, Naivasha, na yeye akaandika.

Divai nyekundu tuliyoipenda zaidi inatokana na zabibu inayoitwa Muscat Bailey A, iliyozalishwa mwaka wa 1927 na Kawakami Zenbei kule Niigata kwa kupandisha zabibu ya Kimarekani na ya Ulaya, akitafuta mmea utakaovumilia hali ya hewa ya kwao. Ina harufu ya pipi ya stroberi, ile ya utotoni. Unaitarajia iwe tamu, kumbe ni kavu kabisa. Mwenzetu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Glasi ya tano ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Mama alituwekea chupa mbili, zote zikiwa na maandishi ya Kijapani na picha ya mlima, akasema tutaje ipi ni ya Japani. Tulisema zote. Moja ilikuwa imetengenezwa Japani kwa maji ya zabibu yaliyokolezwa kutoka nchi nyingine. Tangu Oktoba 2018, jina "divai ya Japani" kwenye lebo ni la divai iliyotengenezwa nchini humo kwa zabibu za humo tu. Hiyo nyingine haivunji sheria, lakini lazima iseme ilivyo kwenye lebo ya mbele, na inasema, kwa herufi ndogo za Kijapani ambazo sisi hatukuweza kuzisoma. Akaweka kidole juu yake, akatuonyesha.

"Herufi ndogo," mwenzetu akarudia. Alikuwa na risiti ya usiku uliopita mfukoni. Akaitoa, akamwomba mama amsomee. Mama aliisoma mstari kwa mstari, taratibu, na uso wake ulibadilika. Hakuitukana ile baa. Alisema tu kwamba kule Shinjuku baa nzuri haina haja ya kumtuma mtu barabarani, na kwamba mahali bei hazijaandikwa, mtu anaweza kuinuka kabla ya kunywa.

Dada wetu hanywi pombe, na tulikuwa tumewaambia mapema. Alipewa maji ya zabibu ya aina zilezile kwa glasi zilezile, akanusa na kuzungusha kama sisi. Kama nawe hunywi, usiogope kuuliza. Na kama una kijana unayesafiri naye, umri wa kunywa kule ni miaka 20, si 18. Kuhusu gari, usijaribu hata kuwa abiria wa mtu aliyekunywa: sheria yao inamwadhibu dereva, aliyempa pombe, na hata aliyekubali kubebwa.

Tulipotoka tulipita Golden Gai, vichochoro vyembamba vyenye baa zaidi ya 200, nyingi za viti sita au vinane. Sasa tulikuwa tunasoma milango. Hii kiti ni yen 1,000, hii 500, hii haina ada, hii haijaandika kitu. Nyingi zilikuwa za pesa taslimu tu. Hili lilitushangaza, kwa sababu Wajapani walianza kulipa kwa kugusisha simu mwaka wa 2004, miaka mitatu kabla ya M-Pesa kuzaliwa. Lakini mwenye baa ya viti sita hupiga hesabu ya makato kama vile mama mboga wetu. Na zile msimbo za kuskani ukutani, nyingi zinataka nambari ya simu ya Japani.

Kwa hivyo tulitoa yen 10,000 kwenye mashine ya duka la saa 24, tukagawana. Mashine ikauliza: ukatwe kwa yen au kwa sarafu ya kadi yako? Shilingi zinavutia kwa sababu unazielewa, ila ukizichagua unakubali kiwango cha kubadilisha cha mwenye mashine, na kwa kawaida ni kibaya kuliko cha kadi yako. Tulibonyeza yen.

Tuliingia baa moja tu, ya kiti cha yen 500. Mwenzetu ndiye aliyechagua, baada ya kusoma mlango mara mbili na kumuuliza mwenyewe kwa vidole. Alikunywa glasi moja ya Muscat Bailey A, akalipa, akahesabu chenji. Treni za mwisho huondoka karibu saa sita na nusu usiku, na teksi za usiku wa manane zina nyongeza, basi saa tano na dakika arobaini tulikuwa stesheni.

Majibu ya benki yalikuja wiki tatu baadaye: malalamiko hayakukubaliwa, PIN iliingizwa na mwenye kadi. Shule ilikubali karo ilipwe kwa awamu tatu. Ya kwanza aliituma kwa simu akiwa ofisini, na kabla ya kubonyeza alituita tusome naye jina la shule na kiasi.