Saa Moja Angani, Nusu Siku Njiani

Simu ya msiba haina wakati. Mara nyingi hulia baada ya sala ya Alfajiri, na jamaa yetu aliyehamia Kitengela kwa kazi au biashara huambiwa kwamba mzee wake amefariki Mombasa na maziko ni baada ya Adhuhuri. Hujipa moyo akisema: "Nitapanda ndege, ni saa moja tu." Maneno hayo ni kweli, lakini si kweli yote.

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi Uwanja wa Moi, Mombasa, masafa ya angani ni takriban kilomita 420, ilhali kwa barabara ni karibu 480. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa ingeyamaliza kwa dakika 32 hivi. Lakini ndege haianzi kwa mwendo huo. Hutambaa ardhini hadi kwenye njia ya kurukia, hupaa kwa hatua, na haikai sana juu kabla ya kuanza kushuka. Ndiyo maana ratiba huhesabu karibu saa moja.

Hata hivyo, saa hiyo ni ya kiwanja hadi kiwanja, na msafiri hutoka mlangoni kwenda mlangoni. Tuseme amepata tiketi ya saa nne asubuhi. Kutoka Kitengela hadi kiwanjani hazifiki kilomita 30, ila asubuhi msongamano wa magari huweza kula saa nzima na zaidi. Basi huondoka saa moja, afike saa mbili na nusu, akaguliwe na kusubiri. Hutua Mombasa saa tano. Achukue mzigo, apite Changamwe na Makupa, huingia Mji wa Kale yapata saa sita na nusu. Safari imekuwa ya saa tano na nusu, na angani alikaa moja tu. Anayetoka Kajiado mjini, takriban kilomita 50 nyuma ya Kitengela, aongeze saa nyingine mwanzoni. Na ikiwa msiba uko Likoni, kivuko nacho kina foleni yake.

Hesabu hii yawahusu pia walioko nyumbani. Kuharakisha maziko ni katika kumstahi maiti, wala si vyema kumweka kwa ajili ya ahadi isiyopimwa. Kabla ya kutangaza wakati, msimuulize msafiri ndege yatua saa ngapi; muulizeni atafika mlangoni saa ngapi. Naye ajibu kwa ukweli, si kwa matumaini.

Akichelewa licha ya yote, asivunjike moyo, wala asilaumiwe. Aende makaburini amswalie mzee wake pale kaburini, kwani hilo limeruhusiwa. Kisha arejee akae na wafiwa wenzake.