Hema Kando ya Ziwa: Kambi za Bure Katika Misitu ya Minnesota

Kila shule za Marekani zinapofungwa mwezi wa Juni, akina mama wa huku pwani waliokwenda kuwazuru watoto wao katika jimbo la Minnesota hutuletea swali lile lile kwa sura mbalimbali: watoto wanataka kutupeleka kulala msituni, je, jambo hilo lina usalama, na lina staha? Mmoja wao aliongeza, kwa mshangao usiofichika, kwamba mtu mwenye nyumba ya vyumba na maji ya moto ana haja gani ya kwenda kulala chini kama mchunga ngamia. Swali ni la haki. Tumeona tulijibu kwa kirefu kidogo, maana wapo wanaokataa safari hizi kwa hofu isiyo na msingi, na wapo wanaozikubali kwa wepesi ambao nao hauna msingi.

Minnesota ni jimbo la kaskazini lenye maziwa zaidi ya 10,000 na majira ya baridi yasiyokwisha upesi. Jamaa zetu wengi wameishi huko kwa miaka, miongoni mwao Wasomali waliopitia Kenya, na wengi hukaa mjini Minneapolis na mitaa yake, katika nyumba za ghorofa ambamo mtoto hukua akijua lifti kabla ya kujua mti. Kiangazi ni cha miezi mitatu tu. Hoteli za kando ya maziwa katika miezi hiyo si za mshahara wa mtu wa ghala au wa dereva wa teksi mwenye watoto watano. Hapo ndipo kambi za bure zinapokuwa na maana.

Idara ya Misitu ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1905, inasimamia misitu ya taifa 154 na mbuga za nyasi, jumla ya ekari takriban milioni 193. Katika sehemu kubwa ya misitu hiyo, mtu yeyote, awe raia au mgeni, anaruhusiwa kupiga hema nje ya kambi rasmi pasi na kulipa chochote. Hapana bomba, hapana taa, hapana pipa la taka, wala mlinzi wa kumwita usiku. Muda wa kukaa aghalabu ni siku 14, kisha mtu ahame. Wengi huchanganya misitu hii na hifadhi za taifa, ambazo ni za idara nyingine na zina kanuni kali zaidi, mathalan Voyageurs iliyoko katika jimbo hilo hilo, ambako kulala kunahitaji kibali na ada. Neno moja likibadilika kwenye kibao cha barabarani, hukumu yote hubadilika.

Minnesota ina misitu ya taifa miwili. Wa kwanza ni Superior, unaopakana na Kanada, wenye ekari takriban milioni 3. Ndani yake mna eneo mashuhuri la mitumbwi liitwalo Boundary Waters, na kulala humo kati ya Mei mosi na mwisho wa Septemba kunahitaji kibali cha kulipia kilichochukuliwa mapema. Basi anayetafuta cha bure asielekee huko. Lakini nje ya mipaka ya eneo hilo, katika msitu huo huo, zipo kambi ndogo kandokando ya maziwa, kila moja na wavu wake wa chuma wa kuwashia moto na choo sahili cha shimo kisicho na kuta, na hazitozwi hata senti. Anayetangulia ndiye mwenye mahali. Msitu wa pili ni Chippewa, ulioanzishwa mwaka 1908, wenye maziwa zaidi ya 1,300, na mto Mississippi unapita ndani yake ungali mchanga. Huko nako zipo kambi za namna hiyo. Baadhi hufikiwa kwa gari, na nyingine haziendeki ila kwa chombo.

Sasa tuje kwenye sitara, ambayo ndiyo roho ya swali la akina mama. Katika kambi rasmi za kulipia, mahema hupangwa kama vibanda vya soko: jirani na muziki wake, mwingine na mbwa wake, na bafu moja la wote. Kambi ya bure aghalabu ni moja peke yake, hema lako na miti yako. Mwanamke anaweza kupika, kusali na kupumzika pasi na macho ya watu kumzunguka, na mabinti wakaingia majini asubuhi mama yao akiwaangalia. Kwa hiyo lile linalowakimbiza wengine, yaani kukosekana kwa jirani na huduma, kwetu sisi ni sababu ya kwenda. Hata hivyo mtu asidanganyike: ziwa ni njia kuu. Wavuvi hupita na mashua tangu alfajiri, na kambi inayotazama maji mapana huonekana kutoka mbali. Familia ichague mahali palipo ndani ya hori, nyuma ya miti, na ichukue shuka mbili tatu na kamba za kutengeneza kizuizi. Kanga kuukuu zinatosha sana.

Kupata mahali kwenyewe si kwa kubahatisha. Ndani ya mpaka wa msitu wa taifa mna mashamba ya watu binafsi, ardhi ya jimbo na ardhi ya kaunti, vyote vimechanganyika kama viraka vya kanzu, na mti haumwambii mtu yeye ni wa nani. Kila msitu umegawanywa katika wilaya, na kila wilaya ina ofisi yake yenye maofisa ambao kazi yao ni kujibu maswali. Tunasisitiza wapigiwe simu siku chache kabla ya safari, si siku yenyewe. Waulizwe mambo manne: ni njia zipi ziko wazi, ni kambi zipi zinafaa gari la kawaida, ni umbali gani unaotakiwa kutoka majini, na kama kuna katazo la moto wiki hiyo. Hutolewa pia ramani ya bure ya barabara za magari msituni, ijulikanayo kwa herufi MVUM. Haina uzuri wowote, ni nyeusi na nyeupe, lakini ndiyo inayoonyesha kisheria ni barabara ipi gari linaruhusiwa kupita, na kwa miezi ipi. Ipakuliwe kwenye simu kabla ya kuondoka, kwani mtandao hupotea mapema kuliko lami. Na familia iwe na mahali pa akiba, maana siku ya Ijumaa jioni pale palipokusudiwa huenda pameshakaliwa. Anayeweza kuondoka Jumatatu au Jumanne hupata nafasi ya kuchagua.

Mahali pema ni pale palipokwisha kutumiwa, penye duara la mawe ya moto na ardhi iliyokanyagwa, ili pasifyekwe papya. Pawe tambarare, pameinuka kidogo. Na kabla ya kupiga hema, mtu atazame juu. Tarehe 4 Julai 1999 dhoruba moja ya upepo iliangusha mamilioni ya miti katika Msitu wa Superior kwa saa chache. Tawi lililokauka halingoji dhoruba kubwa namna hiyo.

Lipo jambo ambalo vitabu vya matembezi hulipitia kwa haraka, nasi hatutaki kulipitia hivyo. Ardhi inayoitwa ya umma ilikuwa na wenyewe. Sehemu kubwa ya Msitu wa Chippewa imo ndani ya mipaka ya Leech Lake, makao ya Waojibwe yaliyotambuliwa kwa mkataba. Mwezi wa Desemba 2020 ilitiwa saini sheria ya kuwarudishia takriban ekari 11,760 za msitu huo, ardhi iliyochukuliwa kwao kinyume cha sheria katikati ya karne iliyopita. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa maana ya ardhi kuondoka kwa karatasi ambayo mwenyewe hakuisaini. Basi ramani ya zamani inaweza kuonyesha msitu wa taifa mahali ambapo leo pana mwenyewe, na ofisi ya wilaya iulizwe kuhusu hilo pia. Vilevile, majani marefu yanayoota katika maji ya kina kifupi mengi si magugu. Ni mpunga wa mwituni ambao Waojibwe huuita manoomin, nao huuvuna kwa mitumbwi mwishoni mwa Agosti na Septemba. Watoto wakatazwe kuung'oa, na chombo kisipitishwe katikati yake. Sisi wenyewe tuna kaya za Wamijikenda, zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ambazo mgeni haingii ila kwa idhini ya wazee. Adabu ni ile ile.

Kuhusu moto, hatuna upole. Mwezi wa Mei 2007 moto wa kambi moja karibu na Ham Lake, katika eneo hili hili, ulimtoroka aliyeuwasha na kuteketeza takriban ekari 75,000 pande zote mbili za mpaka wa Kanada. Kanuni ya jimbo ni kwamba moto wa kambi usizidi futi 3 kwa upana na futi 3 kwa kimo. Kuni zisitoke mjini, kwa sababu hubeba mdudu anayeua miti. Ziokotwe zilizoanguka na kukauka, au zinunuliwe karibu na msitu. Kabla ya kulala, moto umwagiwe maji, ukorogwe, umwagiwe tena, hadi mtu aweze kuweka kiganja kwenye majivu. Siku za ukame tunapendekeza jiko dogo la gesi, na wanaotamani mishikaki wavumilie.

Wanyama wanaoogopwa ni dubu. Walioko huko ni dubu weusi, ambao kwa kawaida hukimbia mtu, ila pua zao hazikimbii chakula. Chakula chote kifungiwe ndani ya gari. Wanaofika kwa mtumbwi wakining'inize mtini, futi 12 kutoka ardhini na futi 6 kutoka shinani. Akina mama wazingatie kwamba hukumu hii inahusu kila chenye harufu: dawa ya meno, sabuni, mafuta ya nywele, marashi na udi. Hema lililofukizwa udi ni mwaliko. Kwa kweli kupe na mbu husumbua zaidi kuliko dubu. Mbu wa huko hawana malaria, lakini kupe huweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo miili ya watoto ikaguliwe kila jioni, nyuma ya masikio na kwenye makwapa, na suruali zichomekwe ndani ya soksi.

Maji ya ziwa yanavutia kwa uwazi wake, lakini ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja kamili. Vyombo visioshwe ziwani kwa sabuni, hata ile iliyoandikwa kuwa haidhuru. Maji yachotwe na kupelekwa futi 200 kutoka ukingoni, yaani kama hatua 70 za mtu mzima. Umbali huo huo ni wa haja pale pasipo na choo: shimo la inchi 6 hadi 8, kisha lifukiwe. Mtume (S.A.W.) alikwisha kukataza kuchafua maji yaliyotuama, njia za watu na vivuli vyao, hivyo kanuni hii si ngeni kwetu. Birika la plastiki na mwiko mdogo wa kuchimbia viwe mfuko mmoja, ili pasiwe na kutafutana gizani. Nepi za watoto na vitu vya wanawake havizikwi wala havichomwi. Hurudi mjini katika mfuko uliofungwa.

Tumesema mengi, na ni nani atakayeyafanya? Tumeona safari ambazo baba na wavulana walishika ndoana, na mama akahamishia jikoni kwake chini ya mti, bila bomba. Huo si mapumziko kwake. Chakula cha siku ya kwanza kipikwe nyumbani, mahamri na kuku wa kukaanga yatosha. Kuchota maji, kuni na kuosha masufuria viwe vya wanaume na watoto, na jambo hili lisemwe kabla gari halijawashwa. Kwa mara ya kwanza wachague kambi inayofikiwa kwa gari, usiku mmoja au miwili. Mitumbwi ingoje. Na watakaoitumia, sheria ya jimbo inamlazimu mtoto aliye chini ya miaka 10 kuvaa jaketi la kuokolea chombo kinapokwenda. Sisi tungewavalisha wote, na bibi pia.

Wazee wanaokwenda wajue kwamba mwezi wa Juni jua huzama huko baada ya saa tatu za usiku, Isha huchelewa mno na alfajiri huwahi, basi usingizi wa mchana si uvivu. Kibla si kaskazini kama Mombasa, ni kaskazini-mashariki. Na usiku wa kwanza, mtu akisikia sauti kutoka ziwani kama ya mwanamke anayelia kwa mbali, kisha nyingine ikiijibu, asianze kuwaamsha watu. Ni luni, ndege wa majini mwenye madoa meupe mgongoni, ambaye jimbo lilimfanya ndege wake rasmi mwaka 1961. Mbu hupungua kuanzia katikati ya Agosti, na usiku huanza kuwa wa baridi, hivyo atakayekwenda mwezi huo afungashe blanketi nzito.